Winga wa Maneno

Mwanangu, nimesikia umepata fremu Kariakoo. Nimefurahi. Nimesikia pia kwamba kilemba ulichotoa kingejenga vyumba viwili kule Chanika, na kodi umelipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hayo ni ya biashara, vijana mnayajua kuliko mimi. Babu yako ana neno lingine, na nakuomba ulisikilize hadi mwisho, kwa sababu nimewaona walioliona dogo walikoishia.

Tapeli utamjua mapema. Mteja wa hela bandia utamjua. Kibaka hata usipomjua, makuli watakuonyesha. Lakini kuna mtu atakuja dukani kwako anacheka, ataketi kwenye stuli yako, atakunywa maji yako, hataiba hata kifungo, na atakufilisi. Huyo ni mchonganishi. Nyuma yake huja mwenzake, mpumbavu, anayeamini kila anachoambiwa na kupayuka kabla hajafikiri. Wa kwanza ana kiberiti, wa pili ana midomo ya kupulizia.

Kariakoo si mahali pa kununiana. Ukuta wa duka lako ndio ukuta wa duka la jirani. Mlinzi wa usiku ni mmoja, choo cha korido ni kimoja, kuli anayekushushia mzigo ndiye anayemshushia na yeye. Ukikosa chenji unamkimbilia. Mteja akitaka saizi ambayo huna, unaichukua kwake, unauza, jioni unampelekea hela yake bila karatasi. Biashara nzima ya pale imesimama juu ya kuaminiana kwa mdomo. Sasa fikiria mdomo huo ukiingia sumu.

Na jirani huyo usimwone mdogo. Novemba 2024, siku lile ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, watu wakiwa hai chini ya kifusi, waliowahi kufika si waliotoka mbali. Ni wale waliokuwa hatua chache tu, wenye maduka, machinga, wapita njia, wakachimba kwa mikono kabla mitambo haijafika. Hakuna aliyeuliza aliye chini ni wa dini gani au aliwahi kumsema nani. Kila mtu anapokuja kukuambia ubaya wa jirani yako, jiulize kwanza: siku ukuta ukiniangukia, nani atasikia nikigonga?

Unamjua winga. Hana fremu, hana mzigo, halipi pango. Anasimama Mtaa wa Kongo, anamdaka mteja, anampeleka kwa mwenye mali, anaweka cha juu. Mawinga wengi ni vijana wa heshima wanaosomesha wadogo zao, wanisamehe kwa kuwatolea mfano. Mchonganishi ni winga wa maneno. Analichukua neno kwako, analivusha kwa jirani, na kila anapolivusha anaweka cha juu. Wewe ulisema tu, "Leo mwenzetu kachelewa kufungua." Likifika upande wa pili limeshakuwa, "Fulani anasema hali yako mbaya, unaogopa kufungua, wadai wanakuvizia." Jirani naye anajibu kwa hasira, na jibu lake linarudi kwako likiwa limeongezwa kama lile la kwanza. Ninyi wawili mnagombana juu ya maneno ambayo hakuna kati yenu aliyeyasema.

Neno la kubebwa halina risiti, mwanangu. TRA kila siku wanatukumbusha kudai risiti hata ya peni. Mbona neno la kuvunja undugu unalipokea hivihivi? Dai. Muulize: alisema lini, mbele ya nani, haya simama twende wote sasa hivi tukamuulize mwenyewe. Utaona atakavyokumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa Hospitali ya Amana.

Wala usidhani atakuja na matusi. Fungua Samweli wa Pili usome habari za Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi. Alikuwa akiamka alfajiri na kusimama kando ya njia ya lango la mji. Mtu mwenye kesi akipita kwenda kwa mfalme, Absalomu anamwita, anamuuliza katoka wapi, anamwambia shauri lake ni jema kabisa, ila huko mbele hakuna wa kulisikiliza. Mtu akitaka kumwinamia, yeye anamshika mkono na kumbusu. Ukiisoma vizuri utaona pale langoni hakumtukana baba yake. Alitoa pole tu. Pole hizo ndizo zilizomfanya Mfalme Daudi, mtu mzima, atoke Yerusalemu akipanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, kichwa amekifunika, analia.

Kwa hiyo iogope pole isiyo na msaada. Mtu anayekuhurumia kila siku kwa ajili ya jirani yako, na hajawahi kukushika mkono kunyanyua hata boksi moja, huyo yupo langoni.

Niliwashuhudia akina mama wa korido moja ya vitenge. Mtaa siutaji. Walikuwa na kikoba kizuri, sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Wamekopeshana humo hadi wamesomesha watoto. Siku moja mmoja wa wenye funguo akapata ujumbe: "Dada, sikutaka kukwambia, lakini wenzako wawili wamekutana bila wewe. Shauri yako." Ni kweli walikutana. Walikutana msibani Buguruni, wakakaa mkeka mmoja kama watu wanavyokaa msibani.

Jumamosi yule mama hakuja na ufunguo. Wenzake walilizunguka sanduku, kufuli mbili zimefunguliwa, ya tatu inaning'inia. Kimya. Wangeweza kumpigia simu, au kumfuata kwake kwa bajaji, na mambo yakaisha kabla ya adhuhuri. Lakini katika kila kikundi hakosi mmoja wa kusema kwa sauti, "Si niliwaambia?" Hakuwa amewaambia kitu. Aliropoka tu, na neno lake likatosha. Wakavunja kikoba kabla ya mwaka kwisha, wakagawana kwa kuhesabiana senti, na aliyekuwa anategemea zamu yake ya mkopo kulipia mzigo wake akaupoteza mzigo. Yule aliyetuma ujumbe? Alihamia kikoba kingine. Wanamsifu huko kwamba ni mtu wa watu.

Nakuomba, mwanangu. Ukiambiwa jambo linaloanza na "sikutaka kukwambia", mwambie nawe, "Basi usiniambie."

Sasa huyo wa pili, mpumbavu. Mithali sura ya 26 ina mistari miwili iliyokaa jirani, wa nne na wa tano, na vijana wa usharika hupenda kunitega nayo. Mmoja unakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, usije ukafanana naye. Unaofuata unaagiza umjibu, asije akajiona ana hekima. "Babu, tushike upi?" Shikeni yote miwili. Aliyekuandalia maneno hayo hakuwa amesahau alichoandika mstari wa juu. Kazi aliyokuachia ni kupima.

Mimi hupima hivi. Kama anachosema kinaniuma mimi tu, nanyamaza. Kama kuna mtu wa tatu atakayeumia kwa kukiamini, najibu mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha narudi kwenye kazi yangu. Mpumbavu akisema kitenge changu kinachuja, wateja wataosha wataona wenyewe. Akisema dawa ya mtoto fulani ni sumu, hapo sinyamazi, hata kama nitaonekana mgomvi. Kiburi chako hakihitaji wakili. Mtoto wa mtu anahitaji.

Na usimjibu usiku. Abigaili aliijua hiyo. Mumewe Nabali alikuwa tajiri wa kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja, mdomo mchafu. Daudi alituma vijana kuomba chakula kwa adabu, wao ndio waliolinda mifugo yake nyikani, naye akawafukuza kwa kejeli. Daudi akajifunga upanga, akashuka na watu mia nne akiapa kwamba kukicha hatabakiza mwanamume katika nyumba ile. Unaona? Mpumbavu mmoja alikuwa karibu kumfanya mtu mwema kuwa muuaji. Hapo ndipo pa kuogopa. Upumbavu hauna fremu, mwanangu, hupanga vifuani mwa watu.

Abigaili akapakia punda mikate, divai, kondoo waliokwisha kuandaliwa, bisi na mikate ya tini, akaenda kumkuta Daudi njiani. Hakubishana. Aliporudi alimkuta mumewe analewa kama yuko kwenye karamu ya kifalme, na hakumwambia neno hata moja hadi asubuhi, pombe ilipomtoka. Ninyi leo mnaamka saa nane usiku kusikiliza sauti kwenye grupu la wasap, na papo hapo mnarekodi ya kwenu. Ngojeni kuche. Mara nyingi asubuhi aliyeituma ameshaifuta.

Huenda unasema babu anakuza mambo, maneno tu. Basi nikukumbushe Mbagala. Ulikuwa mdogo.

Oktoba 2012 watoto wawili walibishana kuhusu Kurani. Watoto, mwanangu, wa umri wa kucheza chandimu. Mmoja akafanya jambo la kuidhalilisha Kurani katika ubishi huo, jambo baya, la kuumiza Waislamu wote. Ilitakiwa wazazi wa pande mbili wakae chini, mtoto aonywe, viongozi wa dini wazungumze. Lakini habari ikashikwa na wabebaji. Ijumaa tarehe 12 kundi la watu likafika polisi likidai lipewe mtoto yule, na kabla ya siku kwisha makanisa ya Mbagala yalikuwa yanaungua na kuvunjwa. Wiki moja baadaye, Ijumaa tena, vurugu zikawa hapahapa Kariakoo, maduka yamefungwa, mabomu ya machozi yanalipuka mitaani.

Wapo Waislamu waliowaficha jirani zao Wakristo katika nyakati kama hizo, na wapo Wakristo wenye upumbavu wao ambao siku zile walizungumza maneno ya kuchochea. Mimi ni mzee wa kanisa, nimeishi na Waislamu ukuta kwa ukuta tangu ujana wangu, wamenilia katika misiba yangu na mimi katika yao. Kwa hiyo nikikuambia jihadhari na mpumbavu, anza na wa upande wako. Wa upande wa pili huwezi kumzuia. Wa kwako anakuita ndugu, atakusikia.

Wa kanisani kwetu nao usiwafiche. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Meru, Walutheri kwa Walutheri waligombania suala la kuwa na dayosisi yao, ndugu wa ungamo moja la imani, na nyumba zikachomwa na watu wakafa. Haikuwa mafundisho ya Kristo yaliyobishaniwa. Paulo aliwakuta Wakorintho wanasema huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, akawashangaa. Angekuja kwenye kwaya zetu angeshangaa zaidi.

Basi tuseme ya mpira, maana najua hapo utaniamkia. Mimi ni wa Jangwani, usinicheke. Yanga ile ya kuanzia 1968 hadi 1972 ilichukua ubingwa miaka mitano mfululizo. Katikati ya miaka ya 1970 wakaanza kugombana wenyewe, kambi hii na kambi ile, kila kambi na wapeleka habari wake. Ikapasuka. Waliotoka wakaunda Pan African. Unajua nani alifaidi? Msimbazi! Kuanzia 1976 hadi 1980 Simba walibeba kombe miaka mitano, mwaka baada ya mwaka, na sisi tunahesabiana makosa. Pan African ilikuja kupata ubingwa wake 1982, na leo haimo Ligi Kuu. Jirani hakuhitaji kutushinda. Tulimfungulia mlango.

Ila nikuambie na hili, nisije nikakupotosha. Simba yenyewe ilizaliwa mwaka 1936 na waliojitenga na Yanga. Mbona hao hawakuangamizana? Kwa sababu wakaweka utani katikati. Yanga na Simba wanatukanana wiki nzima, na mtu akifiwa wanachangia sanda. Kwa hiyo si kila kuachana ni maangamizi. Mnaweza kugawana fremu, kila mtu na biashara yake, mkaendelea kutaniana. Kinachoua ni kugawana huku kuna mtu anabeba maneno katikati.

Na jambo lingine, hili lisikilize vizuri kuliko yote. Usiwe mwepesi wa kumwita mtu mchonganishi. Wakubwa wengi wanalipenda neno hilo, linawaokoa kusikiliza. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka. Wengine wakasema kuna wachochezi. Lakini wafanyabiashara walikuwa na hoja, kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi, usajili wa stoo, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao Mnazi Mmoja akawasikiliza hadharani. Mtu anayesimama mbele ya watu wote, anasema anachosema kwa jina lake, na yuko tayari kuulizwa, huyo si winga wa maneno hata kama sauti yake inakera.

Mfalme Rehoboamu hakulijua hilo. Watu walimjia na ombi la wazi, awapunguzie kongwa alilowatwika baba yake. Wazee wakamshauri awajibu kwa upole. Akawaacha wazee, akawasikiliza vijana aliokua nao, wakampa jibu la jeuri. Makabila kumi yakaondoka siku hiyo. Akamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za shokoa, na watu wakampiga mawe hadi kufa. Kwa hiyo mpumbavu anaweza kuwa ndiye mwenye ofisi, na aliyeitwa mgawanyaji ndiye aliyekuja na ombi la haki. Pima, mwanangu. Nakusihi upime.

Basi ukishapima, ukathibitisha kwamba fulani ni mchonganishi kweli, ufanye nini? Paulo alimwandikia Tito: muonye mara ya kwanza, muonye mara ya pili, kisha achana naye. Mbili. Sijasema saba mara sabini, hiyo ni ya msamaha, na msamaha ni mlango mwingine. Muonye peke yenu, usimwonye kwenye grupu. Muonye kwa kitu alichofanya, tarehe na neno, usimwambie "una tabia mbaya" maana hapo atalia na utajikuta wewe ndiye unayemwomba radhi.

Kuachana naye Kariakoo si rahisi, mko hatua tatu. Hivyo salamu mpe, siri usimpe. Akija kununua, muuzie bei ya watu. Akifiwa, nenda. Ila ile stuli yako iondoe. Mtu asiyepata pa kukaa hakawii kuondoka. Akianza habari za watu, mjibu kama Nehemia alivyowajibu akina Sanbalati na Geshemu, waliomwita mara nne ashuke ukutani wakazungumze, naye mara nne akajibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Neno lilelile, bila kuongeza chumvi. Mchonganishi akipata jibu lilelile mara nne hana cha kwenda kuuza.

Na usimpigie kampeni. Nimewaona vijana waliochukia uchonganishi wa mtu hadi wakapita duka kwa duka kuwatahadharisha watu juu yake, na mwezi haukuisha kabla wao wenyewe hawajajulikana kwa kazi ileile. Wenye kikundi waambie, kwa sababu wanatunza hela za watu. Wengine watajua wenyewe.

Mke wako naye mwambie. Nyumba nyingi za Ilala nimezisuluhisha, na mara nyingi neno la sokoni lilikuja hadi chumbani kwa sababu mtu alirudi jioni akalimwaga kabla ya kuvua viatu. Ukirudi, uliza kwanza watoto wamekula nini.

Mwisho kuna hili utakalokutana nalo, tena mapema kuliko unavyodhani. Atarudi. Huenda amefukuzwa kikoba cha pili, huenda Mungu kweli amemgusa, wewe hutajua ni lipi. Atakuja asubuhi, kabla wateja hawajajaa, ataomba radhi. Mpokee, mwanangu. Usimhesabie ya nyuma mbele ya vijana wa duka. Mwagizie chai na chapati kwa mama ntilie. Akitaka kurudi kwenye kikundi, wanachama wajadili yeye akiwepo, asikie kwa masikio yake mambo yaliyovunjika na nani aliyepoteza mzigo. Wakimkubali, alipe kiingilio kama mwanachama mpya, aweke hisa zake kama wengine. Ufunguo wa sanduku asipewe mwaka huo, na akiuliza kwa nini, mwenyekiti amjibu palepale mbele ya wote.